Laptop inaganda, diski inalalamika: pa kuanzia kabla ya kufomati

Nakili kwanza, tengeneza baadaye. Laptop ikianza kuganda, hamisha picha, hati na mafaili ya hesabu kwenye diski ya nje wakati bado yanafunguka. Programu utazipata tena. Ukisikia tik-tik kutoka kwenye diski ya kuzunguka (HDD), zima papo hapo. Kila ukiiwasha tena, vichwa vya kusomea vinaweza kukwangua sahani.

Si kila kuganda ni diski. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc kufungua Task Manager, utazame kumbukumbu (RAM): mashine ya GB 4 yenye Windows 10 hujaa upesi, na diski hufika 100% bila kuwa na ugonjwa wowote. Feni ikipiga kelele na mashine kuganda baada ya dakika ishirini, shuku joto; vumbi jeusi la lava la Goma hujaa kwenye matundu yake haraka.

Sasa pima diski kwa CrystalDiskInfo, programu inayosoma afya ya diski. Tazama mistari 05 (sekta mbovu zilizokwisha kubadilishwa; sekta ni kipande kidogo cha diski), C5 na C6 (sekta zisizosomeka kabisa). C5 ni sekta zilizoshindwa kusomeka na zinazosubiri uamuzi. Ikiongezeka kila wiki, diski inakufa, na kufomati hakutaifufua. C7 ni habari nyingine: mara nyingi ni kebo au soketi iliyolegea. Namba hiyo hairudi nyuma hata ukishatengeneza, kwa hiyo angalia tu kama bado inapanda. Tena, programu hii huandika thamani hizo kwa heksadesimali: 10 maana yake 16.

Kama C5 na C6 ni sifuri, huenda kilichoharibika ni mpangilio wa mafaili tu. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika chkdsk C: /f, kubali, kisha washa upya. Kwenye Windows ya Kifaransa jibu ni O, si Y. Wengi hukwama hapo. Nyongeza ya /r hukagua diski nzima, na kwenye diski ya GB 500 inaweza kuchukua saa nyingi. Usiianzishe kama betri imekufa: umeme ukikatika katikati, unaongeza uharibifu.

Na hiyo betri ndiyo chanzo ambacho watu hawakishuku. Laptop inayoishi kwa chaja peke yake huzimika ghafla kila umeme unapokatika, faili likiwa limeandikwa nusu. Ukiweka diski mpya bila kubadilisha betri, makosa yatarudi.

Ukinunua SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) ya inchi 2.5, chagua ya SATA, yaani inayotumia soketi ile ile ya diski ya kawaida ya laptop. Nyingi zina unene wa milimita 7, huku nafasi ya zamani ikiwa 9.5, omba fremu ya plastiki ya kujazia. Kama soketi ni M.2 (ile ndogo ya SSD yenye umbo la kadi), hakikisha kwanza inakubali aina ipi: SATA au NVMe, iliyo ya kasi zaidi. Chomoa betri kabla ya kugusa skrubu za diski. Diski ya zamani ikiwa na sekta mbovu, usiihamishe nzima kwenye mpya: weka Windows upya, kisha rudisha mafaili yako.