Chagueni mti mmoja tu
Mkienda bustanini na watoto, msizunguke kote mpaka wachoke. Chagueni mti mmoja, muurudie kila msimu. Mvua zikishanyesha, tafuteni gogo bovu karibu yake. Mkubwa aliinue kwa kulivutia upande wake, ili chochote kilichojificha kikimbilie ng'ambo. Hapo watoto wahesabu miguu: jongoo ana jozi mbili karibu kila pingili, tandu jozi moja. (Tandu anauma, kwa hiyo macho tu!) Kisha lirudisheni polepole lilivyokuwa. Kiangazi, okoteni majani makavu, wekeni karatasi juu, msugue kwa ubavu wa penseli mpaka mishipa ijitokeze. Wangu wa mwisho siku hizi hata gogo halitaki, anadai majani tu.