Bega la nguruwe la moshi, namna ya Carolina: kutoka buchani hadi mezani

Carolina Kaskazini, kule Marekani, watu hubishana kuhusu nguruwe kama watu wa pwani wanavyobishana kuhusu pilau. Upande wa mashariki nguruwe huchomwa mzima na kuungwa kwa siki na pilipili. Skylight Inn ya mji wa Ayden inachoma hivyo tangu 1947, na ngozi iliyokauka hukatwakatwa ikachanganywa humo humo na nyama. Upande wa Lexington huchoma bega peke yake, na sosi yao hutiwa nyanya kidogo.

Uchomaji huu huitwa barbikyu, na neno lenyewe linatoka kwa Wataino wa visiwa vya Karibi, waliobanika nyama juu ya kichanja cha vijiti. Wahispania wakaliandika barbacoa. Nguruwe walikuja na Wahispania hao. Hernando de Soto alishuka nao Florida mwaka 1539. Lakini waliochimba mashimo ya moto, wakapasua kuni na kukesha wakigeuza nyama, kwa vizazi vingi walikuwa Waafrika waliotumikishwa utumwani. Ujuzi huu kwa sehemu kubwa umejengwa na mikono yao, na ni haki kulisema hilo kabla ya kuwasha moto.

Hapa tunachoma bega, ndani ya pipa. Nguruwe mzima anataka shimo, kuni za usiku kucha na watu wa kupokezana.

1. Pipa na kipimajoto

Tafuta pipa la chuma la lita 200 lililobeba chakula, mafuta ya kupikia kwa mfano. La kemikali usiliguse hata ukipewa bure. Mara ya kwanza washa kuni nyingi ndani likiwa tupu mpaka rangi ya ndani iungue yote. Fundi akutobolee matundu matatu ya inchi moja karibu na kitako, yenye vifuniko vya kufunga na kufungua, na moja juu kwenye mfuniko. Wavu wa nyama ukae sentimita 60 juu ya makaa. Usiwe wa mabati: zinki ikipata moto mkali hutoa moshi wenye sumu.

Kipimajoto kiwe cha waya, chenye ncha mbili: moja inaingia ndani ya nyama, nyingine inakaa kwenye wavu pembeni yake. Saa ya joto iliyofungwa kwenye mfuniko inapima hewa ya juu, si ya pale nyama ilipo. Kama pesa inatosha kitu kimoja tu, acha viungo vya bei, nunua kipimajoto.

2. Nyama

Bega lenye mfupa, kilo 3.5 hadi 4, lenye mhuri wa mkaguzi. Ukiona punje nyeupe kama za mchele katikati ya misuli, hiyo ni tegu, rudisha. Menya ngozi, acha mafuta ya nusu sentimita. Ngozi ikibaki, chumvi haipenyi na moshi haushiki. Ichome kando hadi iwe kavu, utaihitaji.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe, paka gramu 15 za chumvi kwa kila kilo, pilipili manga kiasi hicho hicho, na paprika ukipenda. Weka kwenye friji bila kuifunika. Sukari siweki: hapa makaa yako chini ya nyama moja kwa moja, na ukoko utakuwa mweusi wa uchungu kabla nyama haijaiva.

3. Moto

Mimina kilo 6 za mkaa ambao haujawaka ndani ya kikapu cha chuma, chimba kishimo katikati, tia makaa yaliyokolea ya kujaza kopo kubwa. Moto utajitafutia njia polepole kutoka katikati. Pachika humo vipande vinne vya kuni kavu, kila kimoja saizi ya ngumi. Carolina hutumia mwaloni na hikori. Huku mwembe, mpera au mchungwa vinafaa sana. Msonobari na mbao zilizotiwa dawa, hapana kabisa.

Kuni mbichi hutoa moshi mweupe mzito, na nyama itaonja kama masizi. Subiri moshi uwe mwembamba, wa kibuluu, unaokaribia kutoonekana. Joto likifika nyuzi 100, anza kubana matundu ya chini likiwa bado linapanda, usingoje lifike 115. Pipa kulipandisha ni rahisi, kulishusha hula saa nzima.

4. Nyama juu

Hesabu saa tatu kwa kila kilo katika nyuzi 110 hadi 120. Ukitaka kula saa moja usiku, nyama iwe juu ya wavu saa kumi na moja alfajiri. Usifungue mfuniko kwa saa nne za kwanza.

5. Nyama ikigoma

Hapa ndipo wengi huharibu.

Joto la ndani litapanda vizuri mpaka nyuzi 65 au 70, kisha litasimama. Saa moja, mbili, pengine nne, namba haisogei. Wakati mwingine hata inashuka kidogo. Moto haujazimika, na kipimajoto hakijaharibika. Nyama inatoka jasho. Unyevu unaopanda juu ya uso wake unageuka mvuke, na mvuke unaondoka na joto, kama vile mtungi wa udongo unavyopoza maji kivulini. Nyama inajipoza kwa kasi ile ile unayoipasha.

Anayeona namba imesimama huongeza mkaa. Pipa linaruka hadi 160, nje inakauka kama ngozi ya kiatu, ndani bado pagumu. Mwingine hufungua mfuniko kila robo saa, hewa inaingia, mafuta yanayodondoka yanawaka. Mwingine anasoma 75, anajua kwamba kwa usalama nyama imeshaiva, anaiteremsha. Kweli haitamdhuru mtu, lakini haitachambuka. Bega limejaa kolajeni, zile nyuzi ngumu zinazoshika misuli, na kolajeni inahitaji saa nyingi juu ya nyuzi 70 kugeuka ule utelezi unaolainisha nyama. Kwa hiyo muda wa mgomo ndio muda nyama inapolainika.

Una njia mbili. Ya kwanza, usifanye kitu. Weka joto 115 na ungoje. Ukoko utakuwa mzito kuliko wote. Ya pili, ifunge, lakini baada tu ya kukwaruza ukoko kwa ukucha na kuona haubanduki. Ukifunga mapema, ukoko unageuka uji. Foili ni ya haraka ila inachemsha nyama. Mimi natumia jani la mgomba lililobabuliwa motoni hadi lilegee, tabaka mbili: linazuia jasho na bado linapumua. Karatasi ya khaki isiyo na nta wala maandishi inafaa pia. Gazeti hapana, wino wake utaingia kwenye chakula.

6. Imeiva lini

Kati ya 93 na 96, lakini mkono ndio hakimu. Kijiti kiingie kama kwenye siagi, na mfupa wa bapa ukiuzungusha utoke mtupu. Kama unashika, rudisha nusu saa.

7. Pumzisha

Saa moja hadi mbili, bado imefungwa, ndani ya hotpoti kubwa.

8. Sosi na kuchambua

Siki ya tufaha mililita 500, pilipili kavu iliyopondwa vijiko 2 vya chai, chumvi 2, pilipili manga 1, sukari kijiko kimoja cha chakula. Tikisa kwenye chupa, ilale usiku mmoja. Ukitaka ya Lexington, ongeza vijiko sita vya chakula vya tomato sosi. Siki nyeupe ya dukani ni kali, ipunguze kwa theluthi ya maji.

Chambua kwa mikono, ondoa mabonge ya mafuta, changanya ukoko na ile ngozi kavu iliyokatwa ndogo ndogo, kisha nyunyiza sosi kidogo kidogo huku ukionja. Kabichi mbichi iliyokatwa nyembamba na kutiwa sosi hiyo hiyo inakaa nayo vizuri.

Kiporo hukaa friji siku tatu. Kipashe kwa sosi na maji kidogo, sufuria ikiwa imefunikwa. Mfupa usitupe, utie kwenye maharage yanapochemka.