Kabla ya kujenga ukuta, tundika kanga

Tulitaka kuukata ukumbi tupate chumba cha bibi karibu na choo. Fundi keshashusha matofali, mke wangu akasema ngoja kwanza. Funga kamba pale ukuta utakapopita, tundika kanga au mashuka mpaka chini, kisha ishini hivyo wiki nzima: mkeka wa chakula utandikwe, wageni waingie, watoto wapite na ndoo zao. Mapungufu ambayo ramani haioneshi utayagonga kwa bega. Sisi siku ya tatu tu tuligundua aliyekaa barazani anamuona bibi akienda kutawadha, tukaisogeza kamba hatua mbili. Weka pia alama ya unene, karibu sentimita 20, maana tofali la inchi 6 na plasta zake si kanga. Inapokudanganya ni upepo: kanga hupitisha, tofali halipitishi, na ukijaribu wakati wa kusi hujalijua joto la kaskazi. Kubomoa ni habari nyengine kabisa. Nyumba za Mji Mkongwe, ukuta wa mawe na chokaa huenda ndio uliobeba boriti. Muite fundi anayezijua, na kibali kitangulie nyundo.