Taja hisia kabla ya kufungua kabati
Nimejifunza hili juzi na limenisaidia sana kupunguza kula kwa sababu ya hisia. Usiku, mkono ukishashika mlango wa kabati la chakula, simama useme kwa sauti unachohisi: "nina hasira", "nimechoka", "nina upweke". Kisha subiri dakika 10 uone kama ni njaa ya tumbo au ya moyo, yaani ya hisia. Njaa ya tumbo huja polepole na hukubali chakula chochote. Njaa ya moyo huvamia ghafla na kudai kitu kimoja tu, kitamu au chenye mafuta, kwani msongo wa mawazo hupandisha homoni ya kotisoli inayochochea hamu hiyo. Uliruka mlo mchana? Hapo mbinu haifui dafu, hiyo ni njaa kweli, kula. Na kama unakula kwa kujificha hadi tumbo linauma, tafadhali muone mtaalamu; si kosa lako.