Gita Moja, Sauti Tatu: Kupanga Mwangwi kwa Mtindo wa Brian May

Kwenye bendi zetu za dansi, gita la solo likihitaji mwenzake, sekondi solo yupo pembeni. Brian May, mpiga gita wa bendi ya roki ya Queen ya Uingereza, hakuwa na mwenzake, hivyo mwangwi ukawa mpiga gita wa pili, kisha wa tatu. Sikiliza solo ya "Brighton Rock" ya mwaka 1974. Yeye alitumia mashine za utepe za Echoplex, zikarefushwa ili mwangwi uchelewe zaidi. Wewe tafuta dilei mbili za dijitali, yaani vifaa vya kuchelewesha sauti, ziwe pedali au programu.

1. Piga hesabu ya muda. Gawa 60,000 (milisekunde za dakika moja) kwa tempo, yaani idadi ya mapigo kwa dakika. Kwa tempo ya 75, pigo moja ni milisekunde 800. Dilei ya kwanza iwe 800, ya pili 1,600, na kila moja ipokee sauti ya gita yenyewe. Ukizipanga kwa mfuatano, moja ikiingia kwenye nyingine, itazuka sauti ya nne usiyoihitaji.

2. Mwangwi urudi mara moja tu, kwa nguvu ileile ya gita. Tumezoea kuuweka kwa mbali kama pambo. Hapa ni mwimbaji kamili.

3. Distosheni, yaani pedali ya mkwaruzo, ikae kabla ya dilei. Hapa ndipo wengi huharibu. Noti mbili zikiingia pamoja kwenye distosheni moja mara nyingi hukwaruzana, hata zikiwa zinapatana, na unabaki na uji. May aliupa kila mwangwi amplifaya yake ya Vox AC30. Kama una amplifaya moja tu, iache safi, mkwaruzo utoke kwenye pedali iliyotangulia.

4. Washa metronomu, upige do, mi, so, noti moja kila pigo. Ukifika so, mi inarudi kutoka dilei ya kwanza na do kutoka ya pili: kodi kamili, noti tatu zikilia pamoja. Pigo la nne piga do ya juu. Zima kila noti kwa kiganja kabla ya inayofuata.

5. Ukirekodi, gita kavu, lisilo na mwangwi, likae katikati, mwangwi wa 800 kushoto, wa 1,600 kulia.

Jukwaani, mpiga ngoma akikimbia kidogo tu, dilei haimfuati. Mimi iliwahi kunitoa jasho mbele ya watu hadi nikaikanyaga kuizima. Siku hizi nikifika kwenye solo hiyo, bendi nzima inanyamaza.