Somo: NAS imegoma baada ya kusasisha fimuwea. Anza hapa kabla hujagusa diski

NAS ni kisanduku cha diski kinachotunza mafaili na kuyagawa kwenye mtandao wako, na fimuwea ni programu inayokiendesha. Sasisho la fimuwea likikwama katikati, kinachovurugika ni mfumo unaoendesha kifaa. Picha, hesabu na video zako zimelala sehemu nyingine kabisa ya diski, na kwa kawaida bado zipo salama. Nasema hivi kwa sababu niliwahi kuitwa kwenye studio moja ya picha ambako umeme ulikatika sasisho likiwa linaendelea. Umeme haukupoteza hata picha moja. Kabla sijafika, fundi mwingine alikuwa ameshachomoa diski na kuichomeka kwenye kompyuta ya Windows. Kompyuta ikasema diski lazima ifomatiwe, akakubali, akafanya hivyo hivyo na diski ya pili. Picha za arusi za miaka 6 zikaondoka namna hiyo. Nimekaa na yule mama mwenye studio akiwapigia maharusi simu mmoja mmoja, na sitaki kuliona jambo hilo tena.

Nitatumia NAS za kampuni ya Synology kuwa mfano, maana ndizo ninazokutana nazo zaidi. Mfumo wake, DSM, hujinakili kwenye kila diski uliyoweka, katika sehemu ndogo ya mwanzo. Ikifuata sehemu ya kubadilishana kumbukumbu, ndipo inakuja sehemu kubwa yenye mafaili yako. Kwenye bodi kuna kumbukumbu nyingine ndogo ya flashi, na hiyo ndiyo inayokiamsha kifaa hata kikiwa hakina diski. Shika mgawanyo huo, kwa sababu hatua zote zinautegemea.

Hatua ya 1: Subiri.
Sasisho la kawaida huchukua dakika 10 hadi 20, lakini kifaa cha zamani kinaweza kuzidisha. Kipe saa nzima. Taa kuwaka na kuzima haimaanishi kimekufa. Huenda ndiyo kwanza kinaandika, na ukichomoa waya hapo unalifanya tatizo dogo kuwa kubwa.

Hatua ya 2: Kitafute kwenye mtandao.
Baada ya sasisho kukwama, kifaa huweza kuamka na anwani mpya ya IP (namba yake kwenye mtandao), wewe ukabaki unabisha hodi kwenye anwani ya zamani. Ingia kwenye ruta uangalie orodha ya vilivyounganishwa. Au weka programu ya Synology Assistant kwenye kompyuta iliyo kwenye mtandao huo huo, au fungua find.synology.com kwenye kivinjari. Zima VPN kwanza. Kikionekana, andika anwani yake ukimalizia na :5000. Vifaa kadhaa nilivyoambiwa vimekufa vilifufukia hapa hapa, bila kufungua skrubu hata moja.

Hatua ya 3: Pakua faili la sasisho wewe mwenyewe.
Usikiache kifaa kijipakulie tena kwa intaneti ile ile iliyokatika. Chukua faili la .pat kwenye kituo cha upakuaji cha Synology, na jina la modeli lilingane herufi kwa herufi: DS218, DS218+, DS218j na DS218play ni vifaa vinne tofauti. Toleo liwe lile lililokuwepo au la juu yake. Kisha hakiki kwamba faili limefika zima. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, uandike:

certutil -hashfile jina_la_faili.pat MD5

Linganisha jibu na namba iliyoandikwa pale ulipopakulia. Herufi moja ikitofautiana, futa upakue upya. Faili lililofika nusu linaweza kuanzisha msiba, na hakuna anayelishuku kwa sababu jina lake linaonekana sawa.

Hatua ya 4: Jaribu bila diski.
Fanya hivi kama hatua ya 2 haikuleta kitu. Zima kifaa. Kwa kalamu ya wino mzito andika 1, 2 na kuendelea juu ya diski kufuata nafasi zake, ndipo uzitoe. Washa kifaa kikiwa kitupu, usubiri dakika 10. Synology Assistant ikikiona, bodi ni nzima na shida iko kwenye mfumo ulio ndani ya diski. Hiyo ni habari njema. Taa ya bluu ikiendelea kupepesa na kifaa hakionekani, mshuku adapta kwanza. Azima nyingine yenye volti zile zile na ampea zisizopungua, kwa kusoma lebo, siyo kwa kulinganisha plagi. Ikishindikana hapo, bodi ndiyo mgonjwa. Ruka uende hatua ya 6.

Hatua ya 5: Weka upya DSM.
Zima, rudisha diski kila moja kwenye nafasi yake, washa. Nyuma kuna kitundu cha riseti. Bonyeza kwa pini sekunde kama 4 hadi usikie mlio, achia, na kabla ya sekunde 10 kupita bonyeza tena vilevile hadi usikie milio mitatu. Kifaa kitajizima na kuamka kikidai kuwekewa mfumo. Kipe faili lako la .pat kwa njia ya mkono.

Soma kila ukurasa. Ukiona onyo kwamba data zote kwenye diski zitafutwa, simama, rudi nyuma, usibofye. Kuweka upya mfumo kwa njia hii hakuhitaji kufuta mafaili. Kama una folda zilizofungwa kwa usimbaji, hakikisha funguo zake unazo.

Hatua ya 6: Bodi imekufa.
Zihamishie diski zote, kwa mpangilio ule ule, kwenye Synology nyingine ya modeli inayokubali kuzipokea. Au zichomeke kwenye kompyuta yenye Ubuntu, uweke mdadm na lvm2 (programu za kuziunganisha tena diski za NAS), kisha:

sudo mdadm -As
sudo vgchange -ay
cat /proc/mdstat

Usiongeze kitu cha kulazimisha. Iunganishe sehemu ya data kwa kusoma tu (mount -o ro), nakili kila kitu kwenye diski nyingine, ndipo upumue.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, mimi nimefanya kama yule fundi uliyemsema, nilichomeka diski kwenye kompyuta. Windows iliniuliza kuhusu kuianzisha diski nikabofya sawa. Sijafomati. Nimekwisha?

Hapana ndugu yangu. Ulichoandika ni jedwali jipya la sehemu za diski; mafaili yenyewe hayakuguswa. Chomoa sasa hivi, usiijaribu tena. Kama ilikuwa RAID 1 (mpangilio wa diski mbili zenye nakala moja), nyingine bado ina nakala kamili, anza na hiyo hatua ya 6. Kama ilikuwa moja, nunua diski yenye ukubwa sawa au zaidi, uinakili nzima kwa programu ya ddrescue, halafu utafute jedwali la zamani kwa programu ya TestDisk kwenye nakala. Diski yenyewe iache ipumzike.

Asante kwa somo. Toleo jipya ndilo limenisumbua, naweza kurudi la zamani?

DSM haikubali kushuka kwa njia ya kawaida. Ziko mbinu mitandaoni za kuhariri faili za toleo. Mimi siwezi kukushauri uzitumie kwenye kifaa chenye data usiyo na nakala yake. Weka upya toleo hilo hilo, au la marekebisho lililolifuata.

Fundi, yangu ni NAS ya kampuni ya QNAP. Hatua ni hizi hizi?

Fikra ni hiyo hiyo, vitufe ni tofauti. Tafuta kwa programu yao ya Qfinder Pro, na anwani umalizie na :8080. Riseti ya sekunde 3 hurudisha nywila ya msimamizi na mipangilio ya mtandao. Ya sekunde 10 huondoa mipangilio zaidi, pamoja na watumiaji na folda za kushirikiana ulizosajili, mafaili hubaki. Anza na ya 3.

Kaka, huku kwetu umeme hauaminiki. UPS (betri ya kushika umeme ukikatika) ya ukubwa gani inatosha?

Kifaa cha diski mbili hula wati chache sana, kwa hiyo UPS ya 650 VA yenye betri nzima inatosha kwa sasisho zima. Ijaribu kwanza: chomoa UPS ukutani siku ya kawaida uhesabu dakika. Ikizima kabla ya dakika 30, badilisha betri, ndipo uguse kitufe cha kusasisha.