Mwandishi Anataka Nini? Ninavyofundisha Ufahamu Kampala

Wanafunzi wangu wa kidato cha nne wanazijua tamathali kwa majina: tashbihi (kufananisha kwa "kama"), tashihisi (kukipa kitu tabia za mtu), takriri (kurudia neno). Waulize mwandishi amezitumia kwa nini, utasikia, "Kupamba lugha." Kwangu jibu hilo halina alama.

Chukua kifungu hiki nilichowatungia:

"Mvua ya Kampala haibishi hodi. Iliingia Owino kama mtoza ushuru, ikapita kibanda kwa kibanda. Mfereji wa Nakivubo, umejaa chupa za plastiki, uliyatapika maji yote sokoni. Chupa hizo alizitupa nani?"

Hatua ya 1. Funika maswali, weka kalamu chini, usome. Kisha sema kilichotokea, hata kwa Luganda ukipenda: mvua imefurika sokoni. Hilo ni tukio, bado si lengo.

Hatua ya 2. Tafuta mahali mwandishi anapogeuka. Angetaka kutuarifu tu, angetaja siku na hasara, akaishia hapo. Huyu anamalizia kwa swali la balagha, yaani swali lisilongoja jibu, na lawama inatoka kwa mvua inakuja kwetu. Basi lengo lake ni kutuonya kuhusu taka.

Hatua ya 3. Ing'oe mbinu, usome tena. Hapa usiwe na haraka. Badala ya "uliyatapika" weka "uliyamwaga". Habari ni ile ile, ila kuna kitu kimepotea: anayetapika amelishwa kibaya. Mfereji ni mgonjwa, na waliomlisha ni sisi. Tashihisi imeshatushtaki kabla swali halijaulizwa. Sasa "kama mtoza ushuru". Ukiandika "kama simba" utatisha zaidi, lakini Owino hakuna simba; mtoza ushuru kila mwenye kibanda anamjua, na anajua hakwepeki. Mwanafunzi mmoja alinibishia kwamba hapo wanaolaumiwa ni wakubwa wa jiji. Sikumkatalia. Nilimwambia anionyeshe neno jingine kifunguni linalomuunga mkono, akakosa.

Hatua ya 4. Andika: jina la mbinu, neno lenyewe, kazi yake. Mfano: "Mwandishi ametumia tashihisi, 'uliyatapika', kuonyesha kuwa mafuriko yametokana na taka tulizoulisha mfereji." Sentensi moja yatosha.

Ukijikuta umeandika "kupamba lugha", futa, urudi hatua ya 3.